Picha Iliyoganda

Simu ilipolia, Seremala alikuwa ameinamia ubavu wa kitanda cha mteja, na kama kawaida yake hakuipokea. Simu za ng'ambo hazikuwa zake. Aliikung'uta vumbi la mbao, akaitazama ile namba ndefu ya nchi ya watu, akatoka nayo karakana, akavuka ua mpaka jikoni na kumkabidhi mkewe ingali inalia.

"Mwanao huyo. Mwambie namsalimia."

Ndivyo walivyosalimiana, baba na mwana, tangu kijana aondoke. Salamu za huyu zilipita kwa mama kwenda kwa yule, na za yule zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Hawakuwa wamegombana. Seremala hakujua tu mtu anaanzaje kuzungumza na kipande cha plastiki, na kila mwaka uliopita uliifanya aibu ya kuanza kuwa kubwa zaidi.

Safari hii hakuwa mwana. Alikuwa mwenzake wa kazi, kijana waliyemjua kwa picha tu, ambaye wenyewe nyumbani walimwita Kofia kwa sababu hakuna picha aliyopiga bila kofia. Yeye na mwana walilala kitanda juu ya kitanda kwenye bweni la wafanyakazi wa ghala. Mama alisema, "Nambie, mwanangu," kisha hakusema tena. Seremala alikuwa amekwisha kurudi nusu ya ua. Aligeuka kwa sababu ya ule ukimya. Akamwona mkewe anakaa chini taratibu, hajaangalia kama kuna kigoda, akakaa sakafuni.

Shehena ilikuwa imemwangukia Mkubwa kazini. Ndivyo walivyomwita, Mkubwa, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa.

Jioni, baada ya vilio vya kwanza, yakaja mazungumzo. Kusafirisha mwili kulihitaji fedha ambazo hata wangeuza nyumba na karakana pamoja na randa zote zisingefika nusu njia. Kampuni ya ghala ilikuwa imemwambia Kofia kwamba wao watagharamia kuzika, lakini huko huko, na haraka.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" mama aliuliza. "Nilimtoa hapa akiwa anatembea kwa miguu yake, akanipungia mkono pale, halafu basi?"

Binti yao alikuwa ameegemea mlango. Mtaani walimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake pia. Aliajiriwa na kampuni ndogo ya kuunganisha intaneti majumbani, akipanda nguzo na mkanda kiunoni huku watu wakisimama chini kumwambia ashuke akaolewe.

"Mama," alisema, "tunaweza kumwona. Kofia atashika simu yake pale makaburini, na sisi tutaona hapa, wakati ule ule."

"Uso wake nitauona?"

"Utauona."

"Basi siombi kingine."

Seremala alisogeza kigoda karibu. "Na mimi nitasema neno," alisema. "Mtoto hazikwi kimya kama mwizi. Hao watu watanisikia?"

"Watakusikia, baba."

Hapo Waya akawa amejifunga ahadi mbili.

*

Mganga hajigangi. Binti aliyeunganisha nusu ya mji alikuwa anaishi kwenye nyumba isiyo na laini. Mtaa wao ulikaa bondeni. Simu za mkononi zilipata sauti vizuri, lakini picha ikitumwa ilifika imechakaa au haikufika kabisa. Asubuhi alikwenda kwa bosi wake kuomba avutiwe waya kwa siku chache.

"Pole sana, mdogo wangu," bosi alisema, na alionekana kumaanisha. "Lakini lile sanduku la pale kwenu kwenye nguzo limejaa, wewe mwenyewe unajua. Nimtoe nani? Halafu nikikufungulia wewe wa msiba, kesho mwingine atataka wa harusi."

Alimpa ruhusa ya siku tatu na mabaki ya waya yaliyokuwa yamezungushwa kwenye kona ya stoo. Waya aliyabeba begani mpaka nyumbani.

Ilibaki nyumba moja tu jirani yenye laini nzuri, na ilikuwa ya Mama Ghorofa. Ukuta wake mmoja ulipakana na ua wa Seremala. Waya alitaka kwenda peke yake, lakini mama alisema kuomba ni kazi ya mwenye shida, akajifunga khanga, wakaongozana. Mama Ghorofa alifungua mlango kiasi cha uso. Mlango wenyewe aliutengeneza Seremala, kama milango yote ya nyumba ile.

"Poleni jamani. Nimesikia kelele jana. Ni yule mrefu?"

"Ndiye, mama," alisema mama wa marehemu, ingawa kwa umri Mama Ghorofa angeweza kuwa binti yake.

Waya alieleza. Angepitisha waya mmoja juu ya ukuta, hautagusa kitu, ukiisha msiba atauchomoa na kuziba tundu.

"Sawa, sikatai, mimi si mnyama. Ila nyie mko wengi. Kila mtu akiingia humo na simu yake, mimi hata kuangalia tamthilia yangu itakuwa shida. Halafu kesho saa sita mchana natoka. Nikitoka huwa nazima umeme wa nyumba nzima. Niliwahi kurudi nikakuta pasi imetoboa meza. Kwa hiyo mwisho saa sita."

"Wanazika saa nne kwa saa za huku," Waya alisema. "Kabla ya saa sita tutakuwa tumemaliza."

"Ahsante, mama," alisema mama. "Mungu akuzidishie."

Walisubiri kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Mlango ukafungwa, nao wakasimama kidogo wakiutazama, kisha mama akasema, "Kazi ya baba yako hiyo haijapinda hata kidogo."

*

Siku ya maziko sebule ilijaa mapema. Televisheni ilikuwa ya kuazima, imewekwa juu ya meza ambayo Seremala aliipiga msasa asubuhi ile, bila mtu kumwomba. Waya ulitoka kwa Mama Ghorofa, ukapanda ukuta, ukashuka, ukaingia dirishani mpaka kwenye kisanduku kidogo chenye taa za kijani, na kutoka hapo waya mwingine ukaenda kwenye laptopu ya ofisini. Seremala alivaa koti lake la pekee. Alikuwa ameyakariri maneno yake usiku kucha. Midomo ilimtembea bila sauti.

Baba mdogo alifika na watu wake. Huyu ni mdogo wake Seremala, ambaye ukoo mzima ulimwita Msemaji, maana hapakuwa na shughuli aliyohudhuria akakaa kimya. Alimwendea Waya moja kwa moja.

"Mwanangu, hiyo waifai ina neno gani la siri?"

"Baba mdogo, laini hii ni ndogo, tena ya kuazima. Naomba leo tuiache kwa ajili ya hii picha tu."

"Wewe! Kuna ndugu wako mbali wanataka kuona msiba wa mtoto wao. Unawanyima? Leo hii unapima ndugu?"

Watu waligeuka kutazama. Mama naye alitazama, kwa macho yaliyovimba, macho ya kusema tusigombane leo. Waya akampa. Alimwomba asimpe mwingine, naye akajibu kwamba yeye si mtoto.

Saa nne ikapita na kule ng'ambo hawajaanza. Makaburi yalikuwa ya manispaa, na kulikuwa na maiti wengine mbele yao. Kofia alikuwa anawaonyesha: ukuta mrefu wa kijivu, miti miwili mitatu iliyokondeana, wanaume wa ghala waliovaa nguo za kazi kwa sababu walipewa ruhusa ya saa chache tu. Kisha akalionyesha jeneza, likiwa limewekwa juu ya mkokoteni wa chuma. Seremala alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Muulize hiyo ni mbao gani."

"Sijui, mzee," sauti ya Kofia ilikuja, ikiwa imechelewa kidogo kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili. "Walileta tu."

"Hiyo si mbao," Seremala alisema polepole, akirudi kukaa. "Hilo ni la pumba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Likinyeshewa linavimba."

Aliyekuwa amewatengenezea nusu ya mtaa masanduku yao ya mwisho aliikunjua mikono yake juu ya magoti, akaitazama.

Saa tano na nusu zamu yao ikafika. "Mama," Kofia aliita, "wanafungua sasa. Sogea karibu." Mama alisogezwa mbele kwa mikono ya watu. Waya aliona vidole vya wanaume wawili kwenye ukingo wa kifuniko, akaona kitambaa cheupe, na hapo picha ikaanza kukatika. Ikavunjika vipande vya mraba, kimoja cha rangi ya udongo hapa, cheupe pale, kama kigae kilichodondoka. Sauti ikawa inaruka.

Waya alitupa macho sebuleni, akaelewa. Simu zilikuwa juu. Simu nyingi. Mmoja anarekodi televisheni, mwingine anarekodi mama anavyolia, wanarusha moja kwa moja kwa watu wao, na Msemaji amesimama juu ya kigoda akieleza kama mtangazaji wa mpira: "Hapo ndipo wanafungua, ndugu zangu, hapo ndipo wanafungua." Neno la siri lilikuwa limezunguka sebule nzima. Njia ilikuwa moja, nyembamba, na picha ya Mkubwa ilikuwa inagombania kupita na picha za watu wanaomlilia.

Hakuwa na muda wa kuomba. Laptopu ilikuwa kwenye waya. Simu zote zilikuwa hewani. Aliingia kwenye mipangilio ya kile kisanduku, akaizima waifai yote kwa pigo moja.

"Imekata!" Msemaji alipaaza sauti. "Nani amekata? Waya! Umenikata mbele ya watu! Nina watu mia huku!"

"Kaa chini," Seremala alimwambia.

"Kaka, mtoto huyu hana adabu, amenikata—"

"Nimesema kaa chini."

Picha ilirudi safi kama maji ya mtungi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Mwanamume mmoja alikuwa anakaza skrubu ya mwisho.

Mama alikuwa bado ameinama mbele ya kioo, shingo imenyooka mbele, anasubiri. Alimgeukia binti yake.

"Sijamwona. Rudisha nyuma kidogo."

"Mama."

"Pale walipofungua. Rudisha tu pale."

"Hairudi, mama." Waya alipiga magoti karibu naye. "Hii ni ya moja kwa moja. Picha inakuja vipandevipande, na kipande kikipotea njiani hakiombwi tena, kwa sababu kingine kimeshafika. Inaendelea tu na kilichopo."

"Haviombwi tena?"

"Haviombwi."

"Basi mwambie Kofia wafungue. Mwambie mama yake hakuona."

Waya alimwambia. Waliona Kofia akiishusha simu, wakaona udongo na viatu vyake, wakasikia mazungumzo kwa lugha isiyo yao. Sauti ya mtu mzima ilijibu kwa ufupi. Kofia akarudi.

"Mama, nisamehe. Wamekataa. Wanasema kuna wengine nyuma yetu kwenye foleni."

Mama alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyeambiwa jambo la haki kabisa. "Sawa, mwanangu," alisema. "Sawa. Wasicheleweshwe."

*

"Mzee," Kofia alisema, "wamekubali useme neno kabla hatujashusha. Tunakusikia. Wenzangu wote wapo hapa."

Seremala aliinuka. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga. Kwenye kioo wanaume wa ghala walikuwa wamejipanga kulizunguka kaburi. Wamevua kofia zao ngumu, mmoja amemwekea mwenzake mkono begani. Seremala alikohoa.

"Mwanangu," alianza.

Waya alikuwa anatazama kile kisanduku, si televisheni. Aliiona taa ya mbele, ile ya laini inayotoka nje, ikizimika. Za nyuma zikabaki zinawaka. Alitupa jicho dirishani, akasikia geti la Mama Ghorofa likifungwa kwa kishindo na gari likiwashwa. Ilikuwa saa sita.

Kwenye kona ya kioo pakatokea maandishi madogo kwamba mawasiliano yanatafutwa upya. Aliichomoa simu yake mfukoni, akajaribu kupita njia ya mtandao wa simu. Duara likazunguka, likazunguka. Bondeni hapo alijua halitaacha kuzunguka. Gari lilikuwa linatokomea barabarani.

Seremala alikuwa ameshaendelea. "Hukuwa mwizi. Hukuwa mlevi. Ulikwenda kutafuta kama wanaume wanavyokwenda kutafuta, na mauti yamekukuta ukiwa umesimama kazini..." Sauti ile haikuwahi kusikika nyumbani mwao. Ilikuwa imenyooka. Wanawake walianza kulia upya, kwa staha. Na pale kwenye kioo wale wanaume walisimama vile vile, vichwa chini, mkono wa yule ukiwa begani kwa mwenzake.

Waya alikuwa na sekunde ya kusema. Angeweza kuinua mkono: baba, ngoja, imekata. Alimtazama mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa umelegea kidogo, anaitikia kila neno kwa kichwa. Akaisukuma ile picha pembeni kwa kidole kwenye laptopu, maandishi ya kwenye kona yakatoka nje ya kioo. Wakabaki wanaume peke yao.

"Tazameni wanavyomsikiliza," Msemaji alinong'ona, hasira imemwisha. "Hata kutikisika hawatikisiki. Hiyo ndiyo heshima."

Seremala alimaliza kwa kumkabidhi kwa Mungu. Akasubiri. Kioo hakikujibu.

"Wamesikia?" aliuliza.

"Imekwisha, baba," Waya alisema, akaizima televisheni.

*

Kofia alipiga alasiri, simu ya kawaida, sauti tu. Waya aliipokea nyuma ya karakana, kwenye rundo la magogo.

"Dada, vipi? Tulimsubiri mzee. Alisema 'mwanangu', halafu kimya. Tukasubiri, tukasubiri. Wale jamaa wakaanza kutufokea. Tukamshusha, dada. Tungefanyaje?"

"Msingefanya kitu."

"Mzee amekasirika?"

"Hapana," Waya alisema. "Hajui."

Aliyabeba peke yake mpaka siku ya pili. Yalikuwa mazito kuliko waya wa stoo. Kila mgeni aliyekuja alimsifu Seremala kwa maneno yale. Watu walikuwa wakimrudishia sentensi zake mwenyewe, naye alikuwa akiitikia kwa kuinamisha kichwa. Waya alipoona baba yake ameanza kuiamini faraja hiyo, ndipo alipoona hawezi. Alimfuata karakana. Seremala alikuwa hafanyi kazi, amekaa tu juu ya benchi kati ya vitanda vya watu visivyokwisha.

"Baba, jana laini ilikatika. Mama Ghorofa alizima umeme wake. Ilikatika uliposema 'mwanangu'."

Seremala alimgeukia. "Lakini nimewaona. Walikuwa wamesimama."

"Ilikuwa picha ya mwisho iliyofika. Iliganda."

"Nami nikasema yote yale na picha iliyoganda."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe uliniona."

"Nilikuona."

Alinyanyuka, akachukua patasi mezani, akairudisha pale pale. Waya alijua anastahili kufokewa, na angeona nafuu kufokewa. Lakini baba yake alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mkubwa hakusikia hata hivyo. Aliyekufa hasikii. Nilikuwa nasema ili watu wasikie kwamba ana baba." Akafikiri. "Sasa wale watu hawajui."

"Wepi, baba?"

"Wale wa ghala. Wanadhani baba yake alikuja kwenye simu akasema neno moja akaondoka."

Waya alikaa kwenye ukingo wa benchi. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirisha.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Unarekodi kwenye simu, kisha natuma. Hiyo haipotezi. Inakatwa vipande, kila kipande kina namba yake, na kila kikifika simu ya Kofia inajibu kimefika. Kisipofika kinatumwa tena mpaka kifike. Hata hapa bondeni itapita, itachukua muda tu."

"Kwa nini hatukuitumia hiyo jana?"

"Kwa sababu inachelewa. Jana tulitaka sasa hivi."

"Sasa hivi," Seremala alirudia. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala ubaya. "Haya. Leo hatuna haraka."

"Yale maneno ya jana ninayo. Laptopu iliyarekodi. Naweza kutuma hayo hayo."

"Hapana. Yale yalikuwa ya watu."

Waya alimwekea simu mbele yake juu ya benchi, akamwonyesha pa kubonyeza, akasimama ili atoke. "Kaa," baba yake alisema. "Mimi vitu hivi sivijui."

Aliinama juu ya simu kama anavyoinama juu ya ubao, jicho moja limefumbwa.

"Haloo," alisema. Kwa mazoea alisubiri kujibiwa, halafu akakumbuka. "Haloo. Mimi baba yako. Hujambo? Sisi hapa hatujambo. Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua, unamjua. Mdogo wako yupo hapa, ndiye ananishikia hii simu. Paa tuliliziba, halivuji tena. Ile... ile randa ndogo uliyokuwa unaipenda, ipo. Sijampa mtu." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Umekula? Huko wanakulisha? Nilikuwa namwambia mama yako akuulize, sijui kama alikuwa anakuuliza. Huko nasikia kuna baridi. Jifunike."

Waya aliutazama ukuta.

"Basi. Kofia ni kijana mzuri. Mwambie nimesema ni kijana mzuri, na hao wenzako. Mwambie una baba, alichelewa tu kwenye simu." Alisita, hajui mtu anamalizaje. Akasema kama alivyomsikia mkewe akisema miaka yote hiyo kutoka upande wa pili wa ua: "Haya mwanangu. Nisikuchoshe."

Akabonyeza. Akaisukuma simu kwa vidole viwili kumrudishia binti yake. Waya aliituma. Walikaa wakiutazama mstari mwembamba ukijaa pole pole, ukisimama, ukiendelea. Seremala hakuondoa macho. Ulipojaa, aliuliza, "Imefika yote?"

"Yote. Simu yake imejibu."

"Kwa hiyo kipande hakikupotea."

"Hakuna kilichopotea, baba."

*

Kofia alipata mapumziko ya kazi wiki iliyofuata. Alikwenda makaburini peke yake, akaifungulia sauti ile juu ya udongo wa kaburi, na kwa simu ya pili aliyoazima akarekodi, ili mzee aamini. Waya aliipokea akiwa juu ya nguzo mtaa wa pili. Hakuisikiliza. Alishuka, akaenda nayo nyumbani.

Seremala ndiye aliyemwambia mkewe. Alimkuta jikoni anachambua mchele, akakaa sakafuni kando yake, jambo asilolifanya, akamweleza yote kuanzia geti la Mama Ghorofa. Mama alisikiliza huku vidole vikiendelea kutafuta mawe. Hakulia. Alimtazama tu mumewe kama mtu anayemsikia akiimba.

"Ulimpigia wewe mwenyewe?"

"Nilimpigia."

"Hebu."

Waya aliibonyeza, akaiweka simu katikati yao. Kwanza ulikuja mkwaruzo mrefu, kisha, kwa mbali sana, kama inatoka ndani ya kopo, sauti ya Seremala ikisema haloo. Ilisema goti, ikasema paa, ikasema randa. Kila mara ilikuwa inafunikwa na kitu kikubwa kinachovuma, inapotea, inarudi. Ilipofika "umekula?" mama aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, wenye makovu ya misumeno, akauacha hapo. Seremala alikuwa ameinamisha uso. Sauti yake kwenye simu ikaaga, ikanyamaza, na Kofia hakuzima haraka. Aliacha ile ngurumo iendelee peke yake, huku kitu fulani cha bati kikigongagonga mbali.

Mama alisikiliza mpaka mwisho kabisa, kichwa kimeinamia upande mmoja. Alikuwa hajauona uso, na sasa alijua hatauona.

"Ule ni upepo," alisema hatimaye. "Kuna upepo kwake."

Akavuta sinia karibu, akaendelea kuchambua mchele.